Papa Octave na Jumatano Yake

Papa Octave, karani mustaafu wa Kabambare, umutajie tarehe yoyote, anahesabu kwa vidole, anagawanya kwa saba, kisha anakuambia ilikuwa siku gani. Kiburi chake hata pikipiki haiwezi kukibeba.

Jana sokoni alishika kadi ya kitambulisho ya Mama Ernestine, muuza muhogo. "Tarehe moja Januari 1958. Mama, ulizaliwa Jumatano!"

"Mama yangu alinizaa njiani, akitoka soko la Jumamosi."

"Hesabu haidanganyi!"

"Hesabu iko sawa, Papa. Lakini hiyo tarehe uliiandika wewe, ulipokuwa karani wa kutuandikisha kadi, nilipokuambia siijui yangu. Foleni nzima ukatuandikia hiyo hiyo. Sasa hesabu na hii: Jumatano hiyo, mukunga wa kutuzalisha sisi wote alikuwa na mikono mingapi?"