Kofia ya Fundi wa Tanuri

Nikisimulia haya watu hudhani natia chumvi. Sijatia hata punje.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikanda unga miaka kumi na mmoja katika kiwanda kimoja cha mikate, nami nilikuwa mwisho wa meza ileile, nafunga mikate kwenye karatasi. Sheria ya mle ilijulikana: wanawake mezani, wanaume motoni. Kila Shangazi alipoomba kazi ya tanuri, meneja alimjibu kwamba moto unataka mwanaume. Na fundi wa tanuri alivaa kofia nyeupe yenye utepe mwekundu. Ukiivaa hiyo, hata meneja anakuita fundi.

Sasa sikia. Yule fundi, mzee mpole tu, pua yake ilishakufa kwa moshi. Hakujua mkate umeiva saa ngapi. Alikuwa akimtazama Shangazi kule mezani. Shangazi akinusa, akiinua kidevu, mzee anatoa mikate. Mikate ikasifiwa mtaa mzima, sifa zikaenda kwenye kofia. Sisi tuliona, tukacheka. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Shangazi aliinama mpaka kiuno kikamlilia.

Jumatatu moja zikaja mashine mpya: tanuri la umeme, na mashine ya kukandia unga. Meneja akatukusanya. Akasema mashine ya kukandia inataka mwanaume, kwa hiyo fundi atahamia huko. Tanuri sasa ni kama jiko la nyumbani tu, kazi nyepesi ya kike, Shangazi alichukue.

Nilitaka kupiga vigelegele. Shangazi akanyoosha mkono kwenye msumari wa kofia, pale karibu na tanuri. Msumari mtupu. Kofia ilikuwa kichwani mwa mzee, kando ya mashine yake yenye vitufe viwili, cha kuwasha na cha kuzima. Meneja akafafanua kwamba fundi ni wa mashine. Wa tanuri ataitwa msaidizi.

Jamani, nilipigwa na butwaa. Ijumaa kukanda kulikuwa kwa kike, Jumatatu kumekuwa kwa kiume, kisa kitufe! Na kinachoniuma zaidi, miaka yote ile nilikuwa nimeamini kweli kwamba moto una wenyewe.

"Mkate ni uleule, meneja," Shangazi alisema taratibu. "Kimebadilika nini?"

Meneja akatazama saa yake, akatuambia turudi kazini.

Shangazi akaingiza mikate tanurini, akakaa juu ya gunia la unga, akakunja mikono. Harufu ikapanda. Mzee, kwa mazoea, akakitazama kidevu cha Shangazi. Kidevu hakikuinuka. Harufu ikaanza kuwa kali, meneja akamwamuru mzee atoe mikate. Mzee akatikisa kichwa. Akasema mbele yetu sote kwamba hajui, na hajawahi kujua.

Sisi wa mezani tulilijua jambo lile miaka yote, lakini hatukutegemea kulisikia kinywani mwake.

Mzee akavuka chumba, akasimama mbele ya gunia.

"Fundi," alimwambia Shangazi, "tutoe?"

"Kofia kwanza."

Mzee akaivua, akampa kwa mikono miwili. Shangazi akaivaa, akaiweka sawa, kisha akainua kidevu.