Siku Niliyomtafsiria Mama Mkwe Kwenye Darasa la Magoti

Jamani, hili nimelificha karibu mwaka mzima, na kama si mke wangu kuanza kulisimulia kwenye shughuli za watu (tena analitia chumvi), ningekwenda nalo kaburini. Bora mlisikie kwangu mwenyewe.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, mtu wa Tanga, anaishi nasi hapa Malvern, ugenini kusini mwa Afrika, mwaka wa sita sasa. Baridi yabisi imemla magoti mpaka la kulia limepinda kwa ndani, na akishuka ngazi unalisikia likilia. Foleni ya upasuaji kaisubiri miaka miwili. Tulipoitwa hospitalini tukaambiwa kwanza ahudhurie darasa la wagonjwa wa magoti, aje na ndugu wa kumtafsiria. Mke wangu alinyimwa ruhusa dukani kwao Fordsburg, basi nikajitolea mimi. Nauza kava za simu Jules Street, Kiingereza changu ni cha kupatana bei, lakini nikajiambia goti ni goti, kuna nini cha kunishinda?

Mwanzo nilitamba. Tumekaa duara, wagonjwa kama kumi na ndugu zao, sista, yaani muuguzi, kashika goti la plastiki, anaeleza kwamba goti halikatwi likatupwa kama mama alivyoogopa (alishaniuliza mara mbili atawekewa la marehemu gani), bali zile ncha za mifupa zilizolika zinachongwa kidogo, zinavikwa chuma, katikati inakaa plastiki ngumu, ili mfupa usisagane na mfupa. Nikatafsiri yote, mama akaitikia kwa kichwa, nami nikajiona daktari.

Kisha sista akaanza kumuuliza kila mgonjwa hali yake. Alipotufikia akasema, "Muulize mama, akienda chooni anaweza kukaa na kuinuka mwenyewe?"

Ndugu zangu, huyu ni mama aliyemzaa mke wangu. Hata mkeka mmoja sijawahi kukaa naye. Nimuulize mambo ya chooni, mbele ya watu? Nikamgeukia: "Mama, sista anauliza habari za nyumbani."

Mama akafurahi. "Mwambie nyumbani salama, alhamdulillahi, ila panavuja. Juzi nimetega ndoo ikajaa, na mwenye nyumba haji."

Sista ananitazama, anangoja. Mama kasema maneno mengi, siwezi kujibu "ndiyo" peke yake, basi nikatoa Kiingereza kilichokuwa karibu: "Inavuja, sista. Inavuja sana. Juzi ndoo ilijaa."

Duara zima likatugeukia. Sista akasogea, akaniuliza kwa upole, "Tangu lini?" Nikamuuliza mama, akasema tangu mvua za Novemba. Nikasema tangu Novemba.

Sista akaandika, kisha akanieleza kwa sauti ya chini (waliisikia wote) kwamba kama mkojo unamtoka kiasi hicho huenda ana maambukizi, na vijidudu vinaweza kupita kwenye damu vikaenda kukaa kwenye goti jipya, kwa hiyo apimwe kwanza, na tarehe yake ya upasuaji itabidi isogezwe. Hapo ndipo ilipobidi niseme ukweli. Nikasema, "Asante, sista."

Akatoka, akarudi na pakiti, akamwekea mama mapajani. Mama akanong'ona, "Za nini hizi?" Nikamjibu, "Zawadi ya hospitali, mama." Basi mama akafungua, akatoa moja, laini, nyeupe, akaisifu, akaizungusha kwenye goti lake na kuifunga vizuri, kisha akamwonyesha jirani yake.

Mbele yetu alikaa Mkongomani mmoja, Papa Dieudonné, mlinzi wa ghorofa Hillbrow, naye anangoja goti. Akakohoa. "Mama, ile haiko ya magoti. Iko ya mutu mukubwa mwenye anakojoaka ku kitanda."

Mama akaifungua taratibu, akaikunja, akanitazama. Papa Dieudonné, ambaye alikuwa akisikia lugha zote mbili tangu mwanzo, akamweleza sista kwa Kiingereza safi kwamba kinachovuja ni nyumba. Watu walicheka mpaka bibi mmoja akaangusha mkongojo wake. Sista akafuta alichoandika, tarehe ikabaki palepale, kisha akamwomba yule Papa aulize swali lenyewe.

"Kuinuka chooni?" mama akasema, kwa sauti, bila kupepesa. "Siwezi. Mwezi wa nne huu nashika ukuta, siku nyingine nakaa mle ndani nalia."

Kicheko kikaisha. Mimi hilo sikuwa nalijua, na tunaishi nyumba moja. Alipewa kiti cha kuinulia choo siku ileile, na mtu wa mazoezi akamwonyesha namna ya kuinuka.

Njiani tukasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, ya kuingilia Malvern. "Baba," akasema, "aibu ya kuulizwa ingekuwa ya dakika moja. Wewe umenipa ya kutwa nzima."

Alipasuliwa kwa tarehe yake, na kesho yake akasimamishwa, akatembea na fremu mpaka mlangoni, analalamika njia nzima. Kwenye kliniki zake nimeendelea kutafsiri mimi, kwa sharti lake: nisiruke hata neno moja. Mwezi uliopita daktari kauliza kama amepata choo tangu aanze dawa mpya za maumivu. Nikatazama sakafu, jasho linanitoka, nikamuuliza neno kwa neno. Akanijibu, tena kwa kirefu, na yote nikayasema.