Diski Nne za Kwaya

Mpiga kinanda wetu alipopata safari ya kwenda kuishi nchi ya baridi, alituachia kompyuta nyeusi, nzito kama sanduku la bati, na ndani yake muziki wa nyimbo zetu zote. Alikuwa ameinunua Mbarara kwa watu waliokuwa wakifunga ofisi, na ilikuja na diski nne tumboni. Kwaya yetu ya Rubondo, humu katika kambi ya wakimbizi, haikuwa na mpiga kinanda mwingine. Tangu aondoke tuliimba kwa kufuata mashine. Mimi sipendi kusimama mbele ya watu, kwa hiyo nilikaa nyuma ya spika nikabonyeza, na wenzangu wakaimba.

Siku moja, katikati ya mazoezi, mashine ilitoa harufu ya plastiki inayoungua, ikanyamaza. Zilibaki wiki mbili kabla ya mkutano wa kwaya kule Ngarama. Mama anayetuongoza alikuwa ameungoja mwaliko huo miaka mitatu, na vitenge vilikuwa tayari kwa fundi cherehani. Alikaa kwenye benchi, akaitazama kompyuta kama mtu anayemtazama mbuzi aliyekufa bila kuugua.

Mpiga kinanda akatutumia sauti kwenye simu: "Mama, usilie. Diski haziungue. Mutafute ordinatere ingine, muziingize mule zote ine, nyimbo ziko."

Fundi mmoja wa Nyamitanga, mjini Mbarara, akakubali kutuuzia kompyuta yake ya zamani, lakini akasema tuje baada ya wiki. Hapo ndipo shemasi aliposimama.

"Kitu ya maana haikae fasi moja," alisema. "Muliisha sahau namna tulikimbia?"

Hakuna aliyesahau. Tulipokimbia Kivu ya Kusini, kila nyumba iligawa mizigo: baba sufuria, mama unga, dada karatasi za ubatizo. Aliyekamatwa njiani alikamatwa na kipande tu. Basi diski zikagawanywa. Ya kwanza ilikwenda kwa mama kiongozi, ya pili kwa shemasi, ya tatu kwa mpiga gitaa wetu, na ya nne kwangu, kwa sababu mtu asiyesema sana hudhaniwa ni mwaminifu.

Siku ya safari tulikwenda Mbarara kwa taksi nne tofauti, ijapokuwa ile ya kwanza ilikuwa na nafasi za wote. Shemasi alifika wa mwisho, saa tano, jasho likimtoka, diski imefungwa kifuani kwa kitambaa kama mtoto.

Fundi alizipanga mezani. Zilifanana kama mayai. Hakuna aliyekuwa ameweka alama, na alipozigeuzageuza kutafuta maandishi, zikachanganyika. Akaziingiza katika kompyuta yake, akawasha. Skrini ikajaa herufi nyeupe, ikasimama.

"Inakataa," alisema.

Akabadilisha waya. Ikakataa. Akahamisha diski hii pale na ile hapa. Ikakataa. Akaenda kunywa chai, akarudi, akawasha tena kama mtu aliyesamehe. Ikakataa vilevile.

"Banange, sikia," alisema. "Hizi diski nne zinafanya kazi kama moja. Kila wimbo imekatwa vipande, kila diski na kipande yake. Sasa tatu zinajuana. Moja iko tupu, kama imetoka duka leo. Nani alileta hiyo?"

Tuliinamia kompyuta, kila mtu akitafuta diski yake.

"Si ulisema tugawe?" mpiga gitaa alimwambia shemasi.

"Niligawa juu isipotee!"

"Mzee," fundi alisema, "ukikata mbuzi vipande nne, unapata mbuzi wanne?"

Mama kiongozi alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. "Fundi, nyimbo zangu ziko ao haziko? Tunaimba siku ya Mungu. Leo ni siku ya ine, imebaki siku tatu tu."

"Pengine ziko. Hizi tatu zinaweza kukumbuka kazi ya ile ya nne, walizitengeneza hivyo. Lakini nikilazimisha bila kujua kitu ilipita, naweza kufuta yote. Mimi nataka kujua tu: kuna mtu alichezea hii diski?"

Katika kanisa letu watu wamezoea kutoa ushuhuda. Mama kiongozi alianza, akasimama kabisa.

"Ni mimi. Niliiweka juu ya kabati, karibu ya mbabula ya kupikia. Siku mbili ilipata moshi ya makala. Bwana anisamehe."

"Moshi si neno," alisema fundi.

Mpiga gitaa naye akasimama. "Mtoto wangu aliifanya gari. Aliifunga kamba, akaivuta mpaka ku bomba ya maji. Nilimupiga, alafu nikanyamaza."

"Eh! Hiyo ni mbaya, lakini haiwezi kufanya diski tupu."

Shemasi alikohoa. "Mimi niliiombea."

"Kuomba ni sawa, mzee."

"Na mafuta."

"Mafuta?"

"Kidogo tu. Mafuta ya kupakala bagonjwa. Niliisha pangusa."

Fundi alizichukua diski moja moja akazinusa. Ya pili ilinukia mafuta, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Wakati huo wote mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, masikio yakiwaka, kwa maana nilijua.

Siku ya tatu ya kuitunza diski yangu, hofu ilinishika kwamba imeoza. Nikaipeleka kibandani kwa yule anayechaji simu na kuwawekea watu nyimbo. Ana kompyuta ndogo na waya wa kuunganishia. Nilitaka tu kusikia kidogo, hata mwanzo wa wimbo mmoja. Skrini ikaniuliza swali kwa Kiingereza. Nilisoma mpaka darasa la sita, na katika swali lile nilielewa maneno mawili: diski, na kutumia. Nilitaka kutumia diski. Chini yake kulikuwa na ndiyo na hapana. Mimi huona haya kumkatalia mtu anayeuliza kwa heshima. Nikabonyeza ndiyo. Ilimaliza haraka, haikuonyesha wimbo wowote, nami nikairudisha ndani ya soksi, nikaiambia nafsi yangu kwamba nyimbo zimejificha.

Sasa wote walikuwa wameungama makosa yasiyo makosa, na mwenye kosa alikuwa mimi. Nilifungua mdomo mbele yao wote, nikaufunga. Ndipo nikachukua kalamu ya fundi na kipande cha karatasi, nikainama mezani.

Mimi huandika polepole. Fundi akaja nyuma yangu, akaanza kusoma kwa sauti kila neno lilipomalizika, na wengine wakasogea.

"Diski... tupu... ni... yangu. Nili... i... chomeka..." Akangoja. "Wapi? Andika, ssebo, jua inazama!"

"Umuache," alisema mama kiongozi. "Ukimuharakisha atafuta, ataanza upya. Ninamujua."

"...kwa kompyuta... ya kibanda. Ikauliza. Nikasema... ndiyo."

Fundi aliniuliza kama niliichomeka peke yake, nikatikisa kichwa kukubali. Mara moja tu? Nikatikisa tena.

"Kwisha!" akapiga meza. "Iliuliza kama ifute yote! Hizo zingine hazikufutwa, tatu zinatosha. Toa hiyo nje!"

Mama kiongozi alikuwa bado ananitazama. "Wewe," alisema taratibu, "mara tatu nilikuomba uimbe solo, ukakataa. Mashini ikakuuliza mara moja, ukaitika?"

Shemasi alicheka mpaka akatafuta kiti. Mimi nilitamani kuingia ndani ya kompyuta nifunge mlango.

Fundi akaandika amri yake, akatutazama, akabonyeza. Herufi nyeupe zikateremka. Hazikusimama. Kisha majina ya nyimbo yakatokea, yote tisa, jinsi mpiga kinanda alivyoyaandika, na makosa yake. Mama kiongozi aliyahesabu kwa kidole kwenye kioo, akayahesabu tena, akakaa chini sakafuni na miguu yake imenyooka mbele.

Fundi alituwekea zote tisa katika flashi nne, kila mtu na zake kamili. Diski yangu akasema itabaki kwake siku mbili ijazwe upya na wenzake.

Jumapili, Ngarama, kanisa lilijaa mpaka madirishani. Nilikaa nyuma ya spika. Nyimbo tatu zilikwenda vizuri, vitenge vikimeta. Nikabonyeza wa nne. Huo hatukuwa tumewahi kuutumia, na hatukujua kwamba mpiga kinanda alipourekodi alisahau kukata mwanzo. Kabla ya kinanda kuanza, sauti yake ikatoka kwenye spika, kubwa, wazi, kana kwamba amesimama kati yetu:

"Mama, wewe unachelewaka kila siku! Moja, mbili..."

Watu wakageuka kumtafuta. Mama kiongozi alikuwa amekwisha inua mikono. Machozi yalimjia usoni, lakini alijibu papo hapo, kwa sauti iliyofika nje:

"Sichelewi!"

Na kinanda kilipoanza, akachelewa kuingia.