Mwezi Uliosimama

Kwa miaka thelathini na mmoja mji wa Kasongo ulifunga Ramadhani na kufungua kwa macho ya Nourdine. Fundi huyo wa baiskeli, mzaliwa wa Nyangwe, hakuwa mwanachuoni wala tajiri. Mali yake ilikuwa neno lake. Kila jioni ya mwezi ishirini na tisa alisugua grisi mikononi kwa majivu, akatia udhu, akapanda kilima kilicho nyuma ya msikiti na kutazama upande wa Lualaba. Alipouona mwandamo alishuka mpaka kwa Sheikh Assumani, naye sheikh akamwuliza swali ambalo masheikh waliomtangulia waliliuliza pia: "Umelala ao umesimama?" Kwani katika nchi yetu hii mwezi mchanga hulala chali kama mtumbwi, pembe zake zikielekea juu. Atakayesema aliuona umesimama kama upinde, huyo aliona kitu kingine.

Hivyo ndivyo alivyoishi, na hivyo pengine angalikufa, lau si Mahamudu.

Mahamudu alikuwa mwenye duka sokoni. Alimwoa Mounira, dada yake Nourdine, akakaa naye miaka kumi na minne, kisha akamwacha kwa ujumbe wa simu: maneno matatu, hata salamu hakutia. Mounira alirudi kwa kaka yake na masanduku mawili, na tangu siku hiyo jina la Mahamudu halikutamkwa nyumbani mle, aliitwa "yule". Yule naye akapandisha juu ya bati la duka lake sahani nyeupe inayovuta intaneti kutoka kwenye satelaiti, na baraza yake ikajaa watu waliokuja kutazama habari za anga.

Alasiri ya tarehe ishirini na tisa ya Ramadhani, Nourdine alilazimika kupita hapo.

"Bofrere!" Mahamudu alimwita, akijua jinsi jina hilo la ushemeji linavyomchoma. "Kuja uone. Roketi imepanda, imerudi, imesimama wima palepale pa kuanzia. Watairusha tena."

"Uongo. Kitu kikitupwa juu, kinaanguka."

"Hii haianguki, inashuka na moto chini ya matako yake!" Baraza ikacheka. "Wahindi wametua kusini ya mwezi, muzee, na wewe ungali unautafuta na macho ya grisi. Usijisumbue leo. Hesabu iko inasema mwezi itazama mbele ya jua kuzama. Hakuna kitu ya kuona."

"Mutu anayeacha bibi kwa telefone hatanifundisha mimi mwezi."

"Dada yako hakuwa mwezi, bofrere. Alikuwa mawingu tupu."

Nourdine alipanda kilima akiwa na kicheko kile masikioni. Pamoja naye alikwenda Yassine, mwadhini, maana mwezi wa kufungua hautoshi kwa shahidi mmoja. Lakini macho ya Yassine yalikuwa na ukungu, na kila mwaka aliona kile alichoonyeshwa na Nourdine.

Jua likazama. Katikati ya mawingu mawili pakatokea kitu cheupe, chembamba, kilichopinda, kikang'aa kama pembe ya ndovu. Moyo wa Nourdine ukaruka. Kisha macho yale ya miaka thelathini na mmoja yakafanya kazi yake: kitu kile kilikuwa kimesimama. Tena kilikuwa kikisogea, na tumbo lake likitanuka taratibu kama moshi. Hakukijua ni nini, ila alijua si mwezi.

"Iko wapi?" Yassine akauliza.

Angeweza kunyamaza. Lakini aliiona baraza ile ikimngoja, na yule ameegemea mwimo wa mlango, meno nje. Akanyoosha kidole.

"Pale."

"Alhamdulillahi," akasema Yassine.

Sheikh Assumani alimpokea mlangoni. "Umelala ao umesimama?"

"Umelala," akajibu Nourdine, na ulimi haukumkwama. Hilo ndilo lililomtisha baadaye, kwamba haukumkwama. Ngoma ya Idi ikapigwa.

Asubuhi watu walikunywa chai, wakavaa nguo mpya, wakaujaza uwanja wa sala. Sheikh alikuwa amekwisha kusimama mbele ya safu Mahamudu alipopenya katikati yao, ameinua simu juu kama mtu anayekamata mwizi.

"Sheikh, usisalishe! Tazama mwezi wa bofrere!"

Zilikuwa picha zilizopigwa Kindu na Bujumbura. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa imerusha satelaiti. Sehemu ya juu ya roketi, ilipomaliza kazi, ikamwaga mafuta yaliyobaki, na jua lililokwisha kuzama kwetu lilikuwa bado linayamulika kule juu. Upinde mweupe ulionekana wazi. Ulikuwa umesimama.

Sheikh aliutazama muda mrefu, kisha akamgeukia fundi. "Nourdine. Nakuuliza mara ya pili, mbele ya Mungu."

Kukana kulikuwa rahisi; Yassine alikuwa tayari kuapa. Lakini nyuso zilizomgeukia zilikuwa za watu waliokula kwa neno lake.

"Ulisimama," akasema Nourdine. "Niliona kwamba umesimama. Nilisema uongo kwa sababu ya chuki."

Uwanja ukavuma. Mmoja akamwita mzee wa shetani. Mwingine akalia kwamba amekwisha kuchinja mbuzi. Sheikh akainua mkono: hakuna sala ya Idi leo, kila mtu afunge kinywa mpaka magharibi, na siku hii italipwa. Kisha akamwuliza Mahamudu kwa sauti ndogo:

"Picha hizi uliziona lini?"

"Jana. Kisha ya magharibi."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema, nani angenisadiki?"

"Alitaka kwanza uwanja ujae," akasema Nourdine.

Macho ya watu yakahamia kwa Mahamudu. Sheikh akasema kwamba tangu siku ile ushahidi wa wote wawili hautapokewa katika msikiti wake.

Nyumbani, Mounira alikuwa amekwisha kusikia. Aliondoa sufuria ya Idi motoni, akaipa mgongo.

Mahamudu alifika adhuhuri, akasimama mbele ya kibanda cha baiskeli. "Sisi wawili tumeaibika sawasawa, Nourdine. Tusameheane, ni Ramadhani."

Nourdine alikuwa ameshika gurudumu, akinyoosha njiti moja iliyopinda. Hakuinua kichwa.

"Kwa Mungu nimekwisha kutubu. Kwa watu nitalipa siku yao. Wewe sikudai, wala sikusamehe. Toka kwenye mwanga wangu."

Mahamudu alitoka. Nourdine akalizungusha gurudumu mbele ya jicho lake, akaangalia kama lingali linayumba.