Wivu Ulioninunulia Hatifungani

Nakumbuka, mwanangu, ile Krismasi wifi yangu Rosa alipokuja kwetu Mayoni kutoka Kakamega mjini. Wifi huyo, dada ya mume wangu, ni mfanyakazi wa serikali, na akikaa kitini lazima mtu asikie amenunua nini. Mwaka huo ilikuwa hatifungani. Ati ameikopesha serikali pesa za kujenga barabara, ataingojea miaka mingi, na kila nusu mwaka riba inaingia benki bila kukatwa kodi hata ndururu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa jikoni nikisonga obusuma, ugali wetu, na nakwambia kweli, wivu ulinichoma kuliko ule moto.

Na sikuwa mkavu! Malipo ya miwa yalikuwa yameingia. Benki walikuwa wamenieleza vizuri: kuna hati fupi za hazina, unangoja miezi mitatu, sita au mwaka, unarudishiwa pesa yako na faida, kisha kuna hatifungani, hizo ni za miaka. Nilitaka ile ya miezi sita, kwa sababu Septemba Nafula, kifungua mimba wangu, alikuwa aingie chuo cha uuguzi. Binti ya Rosa pia alikuwa aingie mwaka huo huo.

Lakini hati fupi ningeitangazia nani? Januari nikaenda mjini, nikaweka zote kwenye ndefu, ndefu kumshinda Rosa. Mwigaje tembo kunya hupasuka msamba. Methali hiyo niliijua tangu utotoni na haikunisaidia kitu.

Agosti chuo kikataka karo. Nikarudi benki, karani akaniambia kwa upole, "Mama, hii haitolewi kabla ya wakati. Ungoje, ama umuuzie mtu mwingine kwa bei ya soko." Hatifungani mpya zilikuwa zinalipa riba kubwa kuliko yangu, kwa hivyo yangu haikutakwa ila kwa bei ya kutupa. Nikauza, na pesa bado hazikutosha karo.

Mama mkwe aliposikia akashika kiuno. "Woi! Hiyo si ni kuuzia dalali miwa ingali changa? Na vile wewe unachekanga watu wakifanya hivyo!" Kweli nilikuwa nawacheka. Akaongeza, "Rosa ana mshahara wa kulipa karo. Wewe ulikuwa na nini?"

Binti ya Rosa akaenda chuo na sanduku jipya. Nafula wangu akakaa mwaka mzima akipalilia miwa. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Leo wote ni wauguzi, ila binti ya Rosa ndiye mkubwa wa Nafula kazini. Nikisikia hivyo roho huniuma mpaka sasa, Mungu anisamehe.

Kwa hivyo, mwanangu, na huo mshahara wako wa kwanza, usiniulize ipi ni bora. Jiulize pesa hiyo ina kazi gani, na lini. Ya karo ya mwakani, weka kwenye hati fupi. Ya uzeeni, ambayo hutaigusa hata mvua ikinyesha mawe, peleka kwenye ndefu, na ile ya barabara ni tamu kweli. Ukishanunua, nyamaza. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Mungu akupe riziki yako, mwanangu, na akupe moyo wa kula ukashiba bila kuchungulia sahani ya jirani. Mimi huo moyo bado namwomba.