Maboga Yaliyokunywa Maji Yangu

Harufu ya maji yakigusa vumbi la moto hunikumbusha ujinga wangu wa kwanza katika kilimo, na afadhali niuseme mwenyewe kabla jirani hajausema: karibu kiangazi kizima nilimwagilia maboga ya watu nikidhani namwagilia mnafu wetu. Na sikumwagilia kwa uvivu. Nilijituma, nilitokwa jasho, na jioni nilijisifu mezani kama bwana shamba.

Nilikuwa darasa la nne, miaka ya tisini, nasi tulikuwa tumehamia Baray, kule chini kuelekea Ziwa Eyasi, tukitokea mlimani Kilimanjaro. Baba aliamini kwamba penye vitunguu pana wanunuzi, na penye wanunuzi pana mtu atakayetaka soda. Akafungua duka la chumvi, sabuni na mafuta ya taa, akanenepa. Mama alikonda. Joto lilimchosha, upepo ulimtilia mchanga kwenye unga, na usiku alilalamika kwamba hata mbu wa huku hawana adabu. Sanduku lake la bati lilikaa nyuma ya mlango, limefungwa kamba ya katani vilevile lilivyoshuka kwenye lori. Alipotaka kanga, aliinua kifuniko kidogo na kupenyeza mkono kama mwizi, lakini kamba hakuifungua. Wakati tunaondoka, Bibi alimfungia kwenye kitambaa mbegu za mnafu, ile mboga chungu ambayo kwetu mtu asipoila wiki nzima anaanza kujihisi mgonjwa. Jioni moja Mama akamwambia Baba, "Ardhi hii ikikataa mnafu, mimi na watoto tunarudi kwa mama yako." Baba alicheka. Mimi sikucheka. Tangu utotoni mimi ni mtu wa kukaa mahali pamoja. Hata kutumwa dukani kwa baba yangu mwenyewe niliona safari. Kupanda lile lori tena, nitapike tena juu ya magunia ya watu? Bora kulima. Nikamwomba Mama mbegu, naye akanipa nusu. Nusu nyingine akairudisha kwenye kitambaa, bila shaka kwa kuwa alinijua.

Nililima kama Bibi. Mlimani mvua hainyeshi kwa kubembelezwa, kwa hiyo Bibi huinua matuta ili mizizi isioze. Nami nikainua. Nikayapandisha hadi magotini, nikayapigapiga ubavuni kwa bapa la jembe, nikayalainisha kwa kiganja kama unga wa maandazi, kisha nikarudi nyuma hatua chache kuyatazama na kuona kwamba kweli, damu ya mlimani haipotei. Mama Paskali, jirani yetu Mwiraqw aliyeolewa pale akitokea Buger, akachungulia juu ya ua wa minyaa. "Poleni jamani," alisema, "mmezika nani?" Nikaendelea kulainisha. Mwacha mila ni mtumwa, tulifundishwa shuleni. Hakuna mwalimu aliyetuambia kitu kuhusu anayeibeba mila hadi mahali isipohitajika.

Kila siku baada ya shule nilichota ndoo mferejini, ndoo ikinilowesha bega moja na jua likinikausha lingine. Njiani nilipita katikati ya majaruba ya vitunguu, vile viwanja vilivyozama chini kidogo na kuzungushiwa kingo za udongo, maji yametulia ndani kama chai kwenye sahani. Niliyaona kila siku, na kila siku niliwaonea huruma wenye nayo: watu wazima wazima, wameshindwa hata kuinua tuta! Mnafu wangu ulichipua, ukasimama siku chache ukitazama huku na huku kama mgeni aliyekosa wa kumpokea, kisha ukaanza kusinyaa. Nikaongeza maji. Ukasinyaa zaidi. Wakati huohuo maboga ya Mama Paskali, ambayo sikuwahi kumwona akiyamwagilia, yalitambaa hadi kwenye ua, yakapanda minyaa, yakatoa maua makubwa ya njano upande wetu. Kila alipochuma majani yake alituletea fungu. Mama aliyapika, akala, akasema kwa huzuni, "Mwenzetu ana mkono wa mboga," kisha akatazama lile sanduku nyuma ya mlango. Majani yalikuwa matamu. Kwangu hayakushuka.

Jioni moja nilimwaga maji yangu na, kwa uchovu tu, nikakaa chini badala ya kurudi ndani. Nikayaona. Yaligonga mgongo wa tuta, yakateleza ubavuni, yakakusanyika mtaroni, yakashuka taratibu mteremkoni hadi chini ya ua. Nikayafuata. Nikamkuta Mama Paskali ameketi mlangoni akichambua maharage.

"Mama Paskali, maboga yako yanakunywa maji yangu!"

"Sasa mimi niyafunge midomo?" alijibu bila kuinua uso. "Maji unayamwaga kichwani kwa mwenye kipara, wewe, ulitaka yakae wapi?"

Akacheka mpaka maharage yakamwagika kutoka kwenye ungo. Nilirudi nyumbani na hasira zangu, nikazimalizia kwenye matuta. Niliyabomoa yote, nikachimba kwenda chini pale nilipokuwa nimepandisha, nikazungushia kingo kama za wale niliokuwa nawaonea huruma. Halafu ikanibidi kwenda kwa Mama kuomba nusu iliyobaki. Alikishika kile kitambaa muda mrefu. "Zikiisha hizi, zimeisha," alisema. Nilimwambia najua. Alinimiminia zote kiganjani, nami nikatembea hadi bustanini nimekifumba.

Mnafu ukaota. Ukatoa majani ya kijani kilichokolea, mapana, na Mama akaupika na magadi kidogo kama inavyopaswa. Alikula, akalamba vidole, akasema, "Mchungu," kwa sauti ya mtu aliyesikia habari njema. Kesho yake nilipotoka shule, sanduku lilikuwa wazi, na ile kamba ya katani imefungwa kutoka kwenye nguzo ya jiko hadi kwenye mti wa uani, kanga zake zote zikipepea juu yake.

Hatukuhama tena, na mimi, kama mnavyonijua sasa, nimeng'ang'ania uwanja uleule. Siku hizi bomba liko uani na mpira wa maji unafika popote. Ndoo imebaki ya kukalia. Kazi iliyonilaza hoi utotoni naifanya kwa kufungua koki, huku nakunywa chai. Mwezi uliopita nilikwenda Karatu mjini, nikaona bustani ya hoteli moja ya watalii: maua yamepandwa juu ya vilima vidogo, yamepangiliwa mawe, yanapendeza ajabu. Nimerudi nikatengeneza vyangu viwili mbele ya nyumba, nikapanda maua, nikawa nayamwagilia asubuhi na jioni. Jana Mama Paskali, ambaye sasa anatembelea mkongojo lakini ulimi wake hauhitaji, alikuja taratibu hadi kwenye ua, akaegemea, akaita:

"Wewe binti wa mlimani, maboga yangu yameanza kunenepa tena. Umekosea nini huko?"