Makumi Mawili kwa Kilomita

Lucie amebeba mizigo katika soko la Nyawera kwa miaka ishirini na miwili. Kamba ya kubebea imemwachia mstari kwenye paji la uso, na hata siku ya misa, akiwa amefunga kitambaa kizuri, mstari ule unaonekana. Ana miaka arobaini na tisa. Mwaka jana, kwenye mpando wa kwenda Kadutu, miguu yake ilikataa. Alianguka na gunia la muhogo, na wasukuma mkokoteni wakamrudisha nyumbani amelala juu ya magunia, wakimpitisha katikati ya soko. Watu walicheka kidogo, wala si kwa ubaya. Yeye hakusahau.

Ndiyo maana parokia ilipotangaza mbio za kilomita kumi za jubilei, alikuwa wa tatu kuandikisha jina. Bruno, karani aliyeshika orodha, alimsomea masharti: atakayekuwa hajafika kwenye mgeuko, kilomita ya tano, kwa dakika arobaini, atapandishwa kwenye pick-up na kurudishwa.

"Maman Lucie, nakuwekea nafasi ndani ya pick-up tangu leo," Bruno alisema. "Pembeni, uone barabara muzuri."

"Iyo nafasi ukalie weye mwenyewe," alijibu Lucie. "Mi nabebaka. Sibebwake."

Kila Jumamosi asubuhi alikuja kwenye kundi letu la wanaoanza, kwenye barabara ya Nguba. Papa Aloys, mwalimu mstaafu wa michezo, ndiye aliyetufundisha. Alikuwa ameweka alama ya chokaa kila kilomita, na hesabu yake ilikuwa rahisi: dakika arobaini kwa kilomita tano ni dakika nane kwa kila kilomita. "Hatukimbize mwizi hapa," alisema. "Iko nane, kisha nane, kisha tena nane."

Mimi nilikuwa na simu iliyonitajia mwendo wangu kwa Kifaransa. Lucie hakuwa na saa, wala hakuitaka. Lakini yumo katika Legio ya Maria, na alijua kwamba kumi moja la rozari, yaani Baba Yetu, Salamu Maria kumi na Atukuzwe, likisaliwa kama wanavyosali kanisani, huchukua dakika nne. Makumi mawili ni dakika nane; matano ni rozari nzima. Akajizungushia rozari mkononi, akaanza.

Alifika kilomita ya kwanza mbele yetu sote, ametimiza makumi mawili kamili. Ya pili vilevile. Katikati ya kilomita ya tatu tulimkuta ameketi ukingoni mwa barabara, kifua kinapanda na kushuka.

"Ya kwanza, dakika sita," Aloys alisoma kwenye saa aliyompimia. "Ya pili, sita na nusu."

"Saa yako imekufa, papa. Nilisali makumi mbili, kisha mbili. Shanga hazidanganyake."

"Simama hapa. Kimbia pahali pamoja, usali, nisikie."

Lucie akainua magoti, akasali. Maneno yalitoka yameshikana, mengine amemeza nusu, kama sala ya mtu aliyeacha chungu motoni. Aloys alitazama saa yake, akatabasamu.

"Rozari yako inakimbia pamoja na weye, maman. Ukiharakisha, nayo inaharakisha. Sasa kati yenu nani anapima mwenzake?"

Tulicheka. Lucie alivua rozari, akaitia mfukoni na kuondoka bila kuaga. Nikabaki nikifikiri ni mambo mangapi maishani mwangu nimeyapima kwa kitu kilichokuwa kikikimbia pamoja nami. Nilidhani hatarudi.

Alirudi. Jumatano iliyofuata, kwenye mkutano wa Legio, alikuwa amekaa kando ya mzee Noëlla, ambaye husali polepole hadi wasichana wanasinzia. Alimsikiliza anavyovuta pumzi na anapoiachia. Jumamosi akasali kwa sauti, neno zima kwa neno zima. Neno likimkatikia mdomoni, alipunguza mwendo mpaka la pili likatoka lote. Alisema kosa likitokea, ni la miguu, si la mdomo.

Tulimpita wote. Hata Chantal, mbebaji mwenzake, alimpita akiwa na gunia la makaa mgongoni.

"Ee Lucie, na muzigo wangu nakuacha?"

"Niache tu. Barabara haijaisha."

Aloys alisoma saa: nane na sekunde tano. Nane kasoro kumi. Nane.

Siku ya mbio ilinyesha mvua. Fanfare, bendi ya parokia, ilipiga, na pale Nyawera watu wote wakafyatuka, mimi pia, nikijua kabisa kwamba nakosea. Lucie alikuwa wa mwisho tangu hatua ya kwanza, na pick-up ilimfuata visigino. Kabla ya kilomita ya nne msuli wa mguu wangu ulikaza, nikasimama, akanipita akisali. Nikapandishwa. Kuanzia hapo nilimwona vizuri.

Bruno alitoa kichwa dirishani. "Maman, panda tu. Injini inachemka juu ya kukufuata."

Lucie alizidi kukimbia. Alikuwa ndani ya Salamu Maria na hakutaka kuikata. Baada ya Amina ndipo aliposema, bila kugeuka, "Uzime, basi."

Kwenye mgeuko wanaume wawili walikwisha kuinama kuishika kamba ya kufungia njia. Mwenye saa alikuwa ameinua mkono: zimebaki sekunde thelathini. Nilitaka kupiga kelele kwamba akimbie. Lucie alikuwa kwenye Salamu Maria ya tisa ya kumi la kumi. Hakuongeza hata hatua. Alipita kwenye kamba akisema "sasa na saa ya kufa kwetu," na wale wanaume wakainyanyua nyuma yake.

Wakati wa kurudi pick-up ilisimama mara tano kuchukua waliochoka, vijana wengi wao. Tulipofika Nyawera tulikuwa tisa nyuma, tumelowa. Mvua ilikuwa imewafukuza waandalizi: bango limekunjwa, saa kubwa imeingizwa ukumbini, na mstari wa chokaa umeoshwa.

"Inatosha hapa, maman," Bruno alisema akishuka na orodha yake. "Mustari haiko tena."

Lucie aliendelea hadi mbele ya mlango wa duka la dawa, mahali mstari ulipokuwa asubuhi. Akamaliza sala yake. Akasimama.

"Nikuandikie muda gani?" Bruno aliuliza. "Saa wameishaitosha, iko ndani ya ukumbi."

"Andika rozari ine. Bila kukata hata neno."

"Hapa kwa karatasi iko nafasi ya dakika tu."

Lucie alifungua kitambaa cha kichwani, akakikamua maji.

"Ndani ya pick-up ulinipatia nafasi bila mi kukuomba," alisema. "Tafuta na iyi."